Besi Niliyoibadilisha na Besi Niliyoiuza



Jumatano iliyopita, baada ya ibada ya katikati ya juma, kijana wetu anayepiga besi alibaki nyuma. Wenzake walikuwa wanakunja kebo na kufunika spika, yeye ameketi kwenye ngazi ya madhabahu, gitaa mapajani, begi liko wazi kando yake. Nikajua kuna jambo. Akaniambia, "Pasta, nataka uniombee. Kuna mtu anataka besi yangu." Mtu huyo ni mpigaji wa kanisa lingine hapa Nakuru, na amempa njia mbili. Wabadilishane, yeye achukue besi ya nyuzi sita na aongeze shilingi 10,000 juu. Ama aiuze kabisa, apewe 35,000 mkononi. Kijana anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Ameniruhusu niandike habari hii mradi nisitaje jina lake.

Sikumwombea usiku ule. Nilimwambia aende alale, na kwamba kabla ya kuomba ningependa asikie habari ya besi zangu mbili. Nilipoanza kumwandikia nikaona afadhali niwaandikie nyote. Aliyewahi kuuza cherehani, ng'ombe au pikipiki atajiona humu ndani, lakini mimi nitabaki kwa besi kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Ya kwanza niliinunua mwaka 2002 kwa ndugu mmoja aliyekuwa anahamia Mombasa. Ilikuwa ya nyuzi nne, nyeusi, imechubuka mahali mkono unapoegemea. Ilikuwa nakala ya ile besi ambayo Leo Fender aliitoa Marekani mwaka 1951 akaiita Precision. Kabla ya hapo wapigaji wengi walibeba lile gitaa kubwa la kusimama, refu kuliko mtu, lisilo na freti, na kidole kikikosea kidogo tu noti inapinda. Fender akaweka freti shingoni, kila noti ikapata mahali pake, na jina likatokana na hilo. Nyuzi nne za E, A, D na G, sumaku za kunasa sauti, kifundo cha sauti, kifundo cha toni. Haina betri. Ukichomeka kebo, inaongea.

Nilijifunzia kwa kaseti ya Ron Kenoly, Lift Him Up ya mwaka 1992, ambayo besi imepigwa na Abraham Laboriel, mzaliwa wa Mexico. Wapiga besi wa rika langu katika makanisa yetu wananielewa. Nilikuwa nairudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili nisimalize betri za redio, nasikiliza kipande kifupi kimoja mpaka mama anaomba nihurumie watu wa nyumbani. Vidole vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikakomaa. Besi yenyewe ilikuwa na kasoro. Uzi wa E ulivuma kwenye freti ya tatu, kama nyuki ameingia kwenye kopo. Lakini nilishaijua, nikifika pale nabonyeza kwa nguvu kidogo. Baadaye sikuhitaji hata kufikiri, mkono ulikuwa unakumbuka wenyewe.

Desemba 2005, nikiwa chuo cha Biblia, tulikwenda kongamano la vijana. Mpiga besi wa wenyeji wetu alikuwa na besi ya nyuzi tano, mbao inang'aa kama meza ya waziri. Ule uzi wa tano, wa B, unashuka chini ya E, na ukipigwa kwenye spika kubwa unausikia tumboni kabla ya masikioni. Vijana walimtazama yeye kuliko walivyomtazama mhubiri. Nilirudi chuoni nikiwa mgonjwa, na sina neno la heshima zaidi ya hilo. Niliifungua besi yangu nikaona mkweche.

Machi nikampata mtu mwenye besi ya nyuzi tano anayetaka kubadilishana. Alikuja, akaigeuzageuza yangu chini ya taa. Shingo imepinda. Rangi imekwisha. Huu uzi mbona unavuma? Nami nikawa naitikia, nakubali kila aibu ya besi yangu kana kwamba ni mimi ninayeinunua. Mithali 20:14 inamweleza mtu huyo: mnunuzi hulalamika kwamba kitu ni kibaya, kisha akishaenda zake hujisifu. Mstari huo tulikuwa tumeusoma darasani muhula uleule, nikaandika maelezo mazuri, nikapata alama nzuri. Nikampa besi na shilingi 8,000 juu. Hizo 8,000 zilitoka kwa mama. Nilikuwa nimemwambia karo imepanda, naye akauza magunia sita ya mahindi.

Kwa wiki mbili nilikuwa mtu mwenye furaha. Sitadanganya kwa sababu niko kwenye ukurasa wa mchungaji. Kitu kipya kina ladha yake, na mhubiri anayewaambia hakina ladha hajawahi kununua kitu.

Halafu ikaja Pasaka. Ukizoea nyuzi nne, kidole gumba chako kinajua kwamba uzi wa juu kabisa, ulio karibu na uso wako, ni E. Kwenye nyuzi tano mahali hapo pamekaliwa na B. Katika wimbo wa kwanza nilipiga noti ambazo hazikuwa za wimbo ule wala za wimbo mwingine wowote, mpaka mpiga ngoma akanigeukia kama mtu aliyetukanwa. Na si hilo tu. Besi ile ilikuwa na saketi ndani inayotumia betri ya volti 9, na usipochomoa kebo betri inaendelea kuisha hata kama hupigi. Hilo sikuambiwa, nami sikuuliza kwa kuwa sikutaka nionekane sijui. Jumamosi baada ya mazoezi nilikuwa nimeiacha na kebo yake usiku kucha. Katikati ya wimbo wa pili ikaanza kukwaruza kama mtu mwenye kikohozi, kisha ikanyamaza. Nilisimama mbele ya kanisa lililojaa, nimeshika mbao inayong'aa.

Daudi alivua silaha za Sauli kwa sababu hakuwa amezijaribu (1 Samweli 17). Zilikuwa silaha nzuri tu, za mfalme. Wala mimi sisemi nyuzi tano ni mbaya. Baada ya mwaka mmoja niliizoea besi ile, nikaipenda. Lakini majuto ya ile nyeusi hayakuisha, na sikuelewa kwa nini, maana kwa hesabu ya muziki nilikuwa na chombo bora.

Nilielewa mwaka 2009. Nilialikwa kuhubiri Gilgil, nikaingia kanisani nikaiona. Nyeusi, imechubuka palepale. Msichana wa kidato cha tatu hivi ndiye aliyekuwa anaipiga, na anaipiga vizuri. Baada ya ibada nikamwomba niishike. Nikabonyeza freti ya tatu ya uzi wa E, bado inavuma. Akaniambia, "Pasta, hapo bonyeza kwa nguvu kidogo." Nikamrudishia. Sikuuliza bei, na kusema kweli sikuitaka tena. Ilikuwa mahali pazuri, inatumika, inapendwa. Basi kilichonichoma miaka mitatu hakikuwa gitaa. Kilikuwa sababu iliyonifanya nilitoe, na magunia sita ya mahindi.

Nikiwa stendi nikingoja matatu ya kurudi Nakuru, nilimpigia mama simu nikamweleza yote. Akacheka. Akasema alijua siku ileile, kwa sababu karo ya chuo hupanda Januari, haipandi Machi. Alikuwa anangoja niseme. Paulo katika 2 Wakorintho 7:10 anatenganisha huzuni mbili, ile inayompeleka mtu kwenye toba na ile inayomla tu. Mimi nililiwa miaka mitatu kwa kitu ambacho simu ya dakika nne ilikimaliza.

Sasa niwaeleze ya pili, maana hiyo ndiyo watu huniuliza.

Besi ya nyuzi tano niliiuza Agosti 2011. Mtoto wetu wa pili alizaliwa katika wiki ya 32, akawekwa kwenye mashine ya joto siku kumi na tisa. Washirika walichanga, Mungu awakumbuke, lakini siku ya kuruhusiwa bado bili ilikuwa na shilingi 24,000. Bila kumaliza, mama na mtoto hawatoki, na kila usiku wanaolala pale unaongezwa kwenye bili. Wakenya mnaijua hesabu hiyo. Nilipiga simu saa nane mchana, na kufikia saa kumi na moja mtu alikuwa sebuleni. Akaanza kama yule wa kwanza: hii imekwaruzwa, hii imelegea. Nikamwambia, "Ndugu, besi haina ubaya. Thamani yake ni 40,000. Mimi nahitaji 24,000 leo." Alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu akatuma. Nikampa na betri ya akiba, nikamwonya kuhusu kebo.

Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara ya 16,000. Lakini tangu siku ile sijaamka usiku hata mara moja kwa sababu yake. Yule mtoto sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba.

Je, huikumbuka? Naikumbuka sana. Nikikaa kwenye mikutano mirefu vidole vyangu hutembea chini ya meza. Nikisikia uzi wa B kwenye wimbo mpya nasimama popote nilipo. Mama Mchungaji anasema nikilala hupiga besi kwenye bega lake, na si kwa ufundi. Kwa miaka kadhaa nilidhani hamu hiyo ni ushahidi kwamba nilikosea. Nadhani watu wengi huchanganya hapo. Kuwa na hamu na kitu maana yake kilikuwa kizuri, na kitu kizuri kikiondoka kinaacha pengo, uwe ulitenda sawa au hukutenda sawa. Kujuta ni jambo lingine. Mimi hujiuliza: alasiri ile ikirudi, nitafanya nini? Ikirudi ile ya Machi 2006, ningemfukuza yule mtu na taa yake. Ikirudi ile ya Agosti 2011, nitaiuza kabla hajamaliza kubisha hodi.

Kuna maneno niliambiwa mwezi ule ambayo nataka kuyapinga hadharani. Mzee mmoja alisema nimekosa imani, kwamba ningefunga na kuomba badala ya kuuza chombo cha madhabahu. Hilo liliniuma wiki moja likapita. La pili lilisemwa kwa upendo, na ndilo lililoniharibia zaidi: "Usijali mtumishi, Mungu ameondoa hiyo ili akupe iliyo bora." Nililiamini. Nilingoja. Kila mgeni aliyekuja na begi refu nilimtazama mara mbili. Wapendwa, imepita zaidi ya miaka kumi na hiyo bora haijaja. Nikitaka kupiga naomba kuazima kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nawasihi, tuache kuwaambia watu sentensi hiyo kana kwamba ni ahadi. Tunamchukua mtu aliyetenda jambo jema kwa moyo safi, tunamgeuza awe mtu aliyeweka arubuni na sasa anadai mali yake. Mali isipokuja, anaanza kujutia tendo ambalo hakuwa na sababu ya kulijutia. Nimeona mama aliyeuza kiwanja kumsomesha mdogo wake, ana amani kabisa, mpaka alipoahidiwa kwenye kesha kwamba kiwanja kitarudi mara mbili. Amani ikaishia pale. Mtoto wangu si rehani ya besi ya nyuzi sita. Nilitoa besi, nikapata mwanangu nyumbani, na biashara hiyo imefungwa.

Turudi kwa kijana wetu, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitajisema mwenyewe pamoja nanyi.

Ametupigia miaka sita. Nyuzi ananunua yeye, na seti moja nzuri inapita shilingi 3,000. Anapokosa, anazitoa zile kuukuu anazichemsha kwenye sufuria ili mafuta na uchafu wa vidole utoke, mlio urudi kwa wiki chache. Mambo haya niliyajua Jumatano. Miaka sita nimemwona kila Jumapili, nimemwita mtumishi mbele za watu, na sikuwahi kuuliza nyuzi zinatoka wapi. Mwaka jana kifundo cha sauti kilipokufa, tulimwambia arekebishe besi yake. Nakumbuka vizuri kwa sababu ni mimi niliyesema, tena kwa ukali, ilikuwa wiki ya wageni. Sasa amesema anataka kuiuza, na kabla ya Alhamisi jioni nilikuwa nimepigiwa simu na watu watatu kunikumbusha kwamba hicho ni chombo cha Bwana, hakiuzwi.

Ikiharibika ni yake. Akitaka kuiuza ni ya Bwana. Nimetafuta mahali pa kulipachika fundisho hilo katika Maandiko na sijapaona. Ninapopaona ni Matendo 5:4, ambapo Petro anamwambia Anania kwamba lile shamba lilikuwa lake kabla ya kuuzwa, na hata baada ya kuuzwa fedha ilikuwa chini ya mamlaka yake. Sisi wahubiri tunaipenda sana sura ile kwa kuwatisha watu kuhusu sadaka, kisha tunauruka mstari huo mbio. Kosa la Anania lilikuwa uongo. Kumiliki shamba hakukuwa kosa, wala kuliuza. Na Daudi alipoletewa uwanja wa Arauna bure, pamoja na ng'ombe na kuni (2 Samweli 24), alikataa, akalipa shekeli hamsini za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Sisi tumemtolea Mungu besi miaka sita na haikutugharimu kitu. Imemgharimu mtu mmoja anayedaiwa kodi.

Nilichomwambia kijana ni hiki. Kuhusu nyuzi sita, aniambie kwanza ameiona wapi na nani alikuwa anatazamwa. Akikaa na besi hiyo saa nzima peke yake, bila amplifaya na bila mtu, na bado mkono unaitaka, basi ni muziki unaomwita. Shingo yake ni pana, wenye vidole vifupi kama vyake huteseka mwanzoni. Lakini kuongeza 10,000 juu wakati kodi inadaiwa, hapana, hilo nimekataa waziwazi kama baba yake. Kuhusu kuuza, nimemwambia asikubali bei ya kwanza, asiuze usiku, na asimwache mnunuzi aiseme vibaya besi yake naye akiitikia. Aipige mara ya mwisho nyumbani kwake, anachotaka yeye, si nyimbo zetu. Na akishaiuza kwa ajili ya kodi, ajue atakuwa na hamu nayo miaka mingi, na hamu hiyo isimtishe.

Kwa upande wetu, nitapeleka mambo mawili kwa wazee. Habari ya kodi itazungumzwa na mashemasi, si hapa. La pili, kanisa linunue besi yake lenyewe, na nyuzi ziwe kwenye bajeti kama vile chaki za Shule ya Jumapili zilivyo. Najua tuko katikati ya mchango wa vigae. Nimevikanyaga vigae vya makanisa mengi na sijamwona mtu aliyeokoka kwa sababu yake, lakini hayo ni maoni yangu na wazee wana haki ya kuyakataa. Kijana akibaki na besi yake, sawa, akiiuza, sawa. Asiamue akiwa na mzigo kwamba Jumapili itaanguka.

Jumapili hii akija nayo tutaimba. Akija bila, mpiga kibodi atafanya kazi ya besi kwa mkono wa kushoto, nimeshamwambia ajiandae, nanyi mtatusaidia kwa makofi. Naomba mtu yeyote asimsimamishe mlangoni kumwuliza iko wapi.

Kikao cha wazee ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Mwenye besi ya nyuzi nne anayoiuza, shingo imenyooka, isiyotumia betri, aniandikie kabla ya siku hiyo na aseme bei yake ya kweli. Sitaisema vibaya.